Nebulaiza ipi inafaa kifua chako? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Mombasa mashine hii ina majina mengi: mashine ya pumu, mashine ya mvuke, mashine ya kifua. Hapa tutaiita nebulaiza. Kazi yake ni moja tu, kugeuza dawa ya maji iwe ukungu wa matone madogo ambayo mgonjwa huyavuta hadi mapafuni kwa pumzi zake za kawaida. Majibu haya ni ya wanaoishi na pumu, wenye ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa (kwenye kadi za hospitali huandikwa COPD), na wale ambao TB au nimonia kali imewaachia mirija ya hewa iliyotanuka. Kipimo cha dawa kinabaki kile alichokuandikia daktari wako. Sisi tunaeleza mashine.

Kuna aina ngapi za nebulaiza?

Tatu.

Ya kwanza ni ya kompresa. Ndiyo lile boksi linalonguruma, lenye mpira mrefu unaoishia kwenye kikombe cha dawa. Mota inasukuma hewa, hewa inapita kwa kasi kwenye tundu dogo chini ya kikombe, dawa inanyonywa juu na kupasuliwa kuwa matone. Matone makubwa hugonga kizuizi kilicho juu ya tundu na kurudi chini ili yapasuliwe tena. Ili matone yawe ya kiasi kinachofaa, vikombe vingi huhitaji hewa ya lita 6 hadi 8 kwa dakika.

Ya pili ni ya mawimbi ya sauti. Ndani yake mna kipande kinachotetemeka zaidi ya mara milioni 1 kwa sekunde, na mtetemo huo ndio unaorusha dawa juu kama ukungu. Haipigi kelele na hutoa ukungu mwingi, lakini huipasha dawa joto, hata nyuzi 10 hadi 15 juu ya ilivyokuwa.

Ya tatu ni ya wavu. Ni ndogo, huenea kiganjani. Dawa inakaa juu ya kibati chembamba chenye matundu zaidi ya elfu moja yasiyoonekana kwa macho. Kibati kinatetemeka zaidi ya mara 100,000 kwa sekunde na dawa inapenya kwenye matundu ikiwa matone tayari. Haina mpira wala mngurumo, na nyingi hutumia betri.

Basi ninunue ipi?

Kwa nyumba nyingi za hapa jibu letu ni kompresa, pamoja na kikombe cha kudumu kinachoruhusiwa kuchemshwa. Inakubali karibu kila dawa ya maji ya kifua, ni nafuu kuliko ya wavu, na vipuri vyake hupatikana kwenye famasia kubwa za mjini.

Ya wavu tunaipendekeza kwa mtu anayesafiri mara kwa mara, anayeishi pahali stima inapotea ovyo, au mtoto anayepiga kelele kila akisikia kompresa ikiwashwa. Kabla ya kulipa, muulize muuzaji swali moja: kibati cha wavu cha kubadilisha anacho, na bei yake ni gani? Asipokuwa nacho, siku wavu utakapoziba umebaki na sanamu. Kibati chenyewe mara nyingi hudumu miezi 6 hadi 12 kikitumika kila siku.

Ya mawimbi ya sauti usinunue kwa ajili ya dawa za pumu. Haifai kwa budesonaidi, dawa ya kutuliza uvimbe wa mirija, kwa sababu dawa hiyo ni chembe zinazoelea ndani ya maji na si dawa iliyoyeyuka. Maji hugeuka ukungu, chembe zikabaki chini ya kikombe. Mgonjwa ataona ukungu mzito ajue ametibiwa, kumbe amevuta maji. Joto lake pia linaweza kuharibu dawa za protini zinazolainisha makohozi.

Kwani matone yakiwa makubwa kuna ubaya gani?

Tone linalozidi mikroni 5 (mikroni ni sehemu ya elfu moja ya milimita) hugonga koo na kuishia tumboni. Lililo chini ya mikroni 1 mengi yake hutolewa tena na pumzi. Linalotibu ni la mikroni 1 hadi 5. Ndiyo maana ukungu mzito si ushahidi wa tiba, na vile vifaa vya kuongeza unyevu chumbani havichukui nafasi ya nebulaiza hata kidogo.

Je, ninaihitaji kweli, au inhela na spesa zinatosha?

Swali hili lije kabla ya yote, na watu wengi huliuliza wakati pesa zimeshatoka. Kwa shambulio la pumu la kadiri, inhela (kile kikopo kidogo cha kupuliza) ya salbutamoli, dawa ya kufungua mirija, ikipulizwa kupitia spesa (chupa inayokaa kati ya inhela na mdomo) hufanya kazi sawa na nebulaiza, kwa mtu mzima na kwa mtoto. Tena ni haraka, haihitaji stima, na huingia mkobani.

Nebulaiza ina nafasi yake: mgonjwa aliyechoka mno hata hawezi kufuata maelekezo, mzee ambaye mikono yake haina nguvu, shambulio kali wakati mnangoja gari, au dawa ambayo imeandikwa kwa umbo la maji tu, kama maji ya chumvi nzito au antibayotiki za kuvuta.

Kama spesa imekushinda bei, chupa safi ya plastiki ya mililita 500 hufanya kazi. Watafiti wa Afrika Kusini waliijaribu kwa watoto miaka ya 1990 na ikafaulu. Toboa kitako cha chupa kwa umbo la mdomo wa inhela, ingiza inhela, ziba pembeni kwa gundi au utepe hewa isivuje. Ioshe kwa maji yenye matone machache ya sabuni ya maji, usiisugue kwa kitambaa, iache ijikaushe. Kitambaa huijaza plastiki umeme tuli, na dawa ikaganda kwenye kuta badala ya kuingia kifuani. Mtoto mdogo asiyeweza kushika mdomo wa chupa kwa midomo yake anahitaji barakoa.

Puliza mara moja, mwache avute na kutoa pumzi mara 5 au 6, tikisa inhela, puliza tena. Kupuliza mara nne kwa mpigo ni kuimwaga dawa.

Na nebulaiza ya salbutamoli kila siku si matibabu ya pumu. Inafungua mirija kwa saa chache, uvimbe wa ndani unabaki palepale. Tangu 2019 mwongozo wa kimataifa wa pumu, uitwao GINA, unasema mtu mzima au kijana mwenye pumu asitibiwe kwa dawa ya kufungua peke yake; lazima iwepo na ya kutuliza uvimbe ya kuvuta. Ukiona unawasha mashine kila usiku, tatizo haliko kwenye mashine. Rudi kliniki.

Dawa gani inaenda na mashine gani?

Salbutamoli na ipratropiamu, nayo dawa ya kufungua mirija, huenda na aina zote, hata ya mawimbi ya sauti kama tayari unayo, na kwa kawaida mbili hizi huweza kuchanganywa kwenye kikombe kimoja. Budesonaidi iende kwenye kompresa, au kwenye mashine ya wavu ambayo kitabu chake kinairuhusu. Ukimaliza kuivuta, sukutua mdomo na uteme. Mtoto aliyetumia barakoa aoshwe uso, la sivyo atapata utando mweupe mdomoni na vipele mashavuni.

Maji ya chumvi nzito, ya asilimia 3 au 7, hutumiwa na wenye mirija iliyotanuka ili kulegeza makohozi. Yanaweza kubana kifua ghafla, kwa hiyo mara ya kwanza ivutiwe kliniki, na kwa kawaida salbutamoli hutangulia. Kwenye mashine ya wavu chumvi hii huacha fuwele kwenye matundu, usafishe mara tu unapomaliza. Antibayotiki ivutwe peke yake, mwisho, baada ya makohozi kutolewa, kwenye chumba chenye madirisha wazi.

Nimepewa chupa ndogo ya salbutamoli badala ya vile vichupa vya plastiki. Nitie kiasi gani?

Hapa ndipo makosa mabaya hutokea, tusome lebo pamoja.

Kichupa cha plastiki cha kuvunja shingo mara nyingi kina miligramu 2.5 ndani ya mililita 2.5. Hicho kiko tayari. Ile chupa ya kioo au ya kifuniko cha kuzungusha, ambayo mara nyingi ni ya mililita 20, ni dawa kali: kila mililita 1 ina miligramu 5. Miligramu 2.5 kutoka chupa hiyo ni nusu mililita tu. Mtu aliyezoea vichupa akivuta mililita 2.5 kutoka chupa kali ametia miligramu 12.5, mara tano ya alichokusudia. Moyo utamwenda mbio, mikono itatetemeka, na potasiamu ya damu inaweza kushuka.

Pima kwa bomba la sindano la mililita 1, bila sindano, usikadirie kwa matone. Kisha ongeza salaini (maji safi ya chumvi ya hospitali) ya asilimia 0.9 hadi jumla ifike mililita 4.

Kwa nini mililita 4? Famasia waliniambia 2.5 zinatosha.

Kwa sababu kikombe cha kompresa hakimalizi dawa. Takriban mililita 1 hubaki imeng'ang'ania kuta na chini ya kizuizi. Ukitia mililita 2.5, hiyo moja iliyobaki ni asilimia 40 ya dawa yako. Ukizimua hadi mililita 4, kinachobaki ni karibu robo. Dawa ni ileile, iliyofika kifuani imeongezeka, na bei yake ni dakika chache zaidi za kukaa. Tena tazama kikombe chenyewe: ubavuni kimechorwa mstari wa juu kabisa. Usiuvuke.

Mashine ya wavu ni habari nyingine. Mara nyingi hubakiza chini ya nusu mililita, kwa hiyo usizimue ila uwe umeagizwa. Na aliyehama kutoka kompresa kwenda wavu amweleze daktari, maana kipimo kilekile sasa kinafika kingi zaidi.

Salaini imeisha. Nitie maji ya bomba? Ya Zamzam? Mafuta ya habasoda?

Hapana kwa yote matatu, na tunajua kwamba anayeuliza anamtakia mgonjwa wake kheri.

Maji matupu, hata yaliyochemshwa, hayana chumvi inayolingana na ya mwili, na yakivutwa kama ukungu huweza kubana mirija ya mtu mwenye pumu. Ya kisima cha Kisauni au Likoni yana magadi, yataziba tundu la kikombe ndani ya wiki chache. Zamzam yana madini yake. Yanyweni kwa nia yenu, kikombe cha mashine si pahali pake.

Mafuta ndiyo hatari kuliko yote. Habasoda, mkaratusi, dawa ya kujipaka ya mafua, mafuta ya aina yoyote yakifika kwenye mapafu hayayeyuki wala hayatoki, na huweza kuleta nimonia ya mafuta isiyosikia antibayotiki. Asali na maji ya tangawizi vilevile vibaki jikoni.

Naomba hatua za kutumia, moja baada ya nyingine.

Nawa mikono kwa sabuni. Weka kompresa mezani, usiiweke kitandani wala juu ya zulia. Matundu yake ya kupumulia yakizibwa mota hupata moto. Tia dawa, kisha hakikisha kile kipande kidogo cha ndani kimekaa juu ya tundu kabla ya kufunga kikombe. Unganisha mpira.

Mgonjwa akae wima, mabega yameshuka. Mtoto apakatwe akiwa amekaa. Kikombe kisimame, kikilala dawa haifiki kwenye tundu na ukungu hukatika. Washa. Avute pumzi za kawaida, na kila baada ya pumzi tano au sita avute moja ndefu aishike sekunde chache kama anaweza. Kuhema haraka haraka kunampa kizunguzungu tu.

Kikombe kikianza kukoroma, kigonge pembeni kwa kidole matone yaliyo kutani yashuke. Kikikoroma mfululizo kwa dakika moja, zima. Kilichobaki ni kile kisichotoka, usimkalishe mgonjwa nusu saa akikisubiri, na usikihifadhi kwa ajili ya jioni.

Barakoa au kipande cha mdomoni?

Anayeweza kufunga midomo vizuri atumie kipande cha mdomoni, kwa sababu pua huchuja dawa. Kwa ipratropiamu tunakisisitiza zaidi: barakoa inayovuja hupeleka dawa machoni, na kwa mwenye presha ya macho hilo huweza kuleta maumivu makali na kuona ukungu.

Watoto wadogo wavae barakoa, na iguse uso pande zote. Ile tabia ya kuishika karibu na pua ya mtoto aliyelala ili asiamke inapoteza sehemu kubwa ya dawa. Hata nafasi ndogo kati ya barakoa na shavu inapunguza kinachofika. Mtoto anayelia naye hafaidi sana, kwa maana kilio ni pumzi ndefu ya kutoa na ya kuingiza ni fupi. Mpeni mchezo, hadithi, mwacheni aishike barakoa mwenyewe kabla ya siku ya kuihitaji.

Mashine inanguruma lakini ukungu hautoki, au inachukua dakika 25. Kimeharibika nini?

Mara nyingi si mota. Anza na kipande cha ndani ya kikombe. Ni kidogo kama kofia ya kalamu, na siku ya kuosha ndicho kinachoteremka na maji ya sinki. Bila hicho kikombe kitatoa viputo tu.

Kama kipo, chomoa mpira kwenye kikombe na uweke kidole mwisho wake. Hewa inapiga kwa nguvu? Basi kompresa ni nzima na tundu la kikombe limeziba. Loweka kikombe kwenye maji ya moto yenye siki kidogo kwa nusu saa ili magadi yayeyuke, suuza vizuri, jaribu tena. Usichokoe kwa pini wala sindano; tundu likipanuka hata kidogo matone yanakuwa makubwa na kikombe ni cha kutupa.

Hewa ikiwa dhaifu, chomoa mpira kwenye mashine yenyewe na upime pale. Ikiwa pale ina nguvu, mpira umepasuka au umejikunja. Ikiwa bado dhaifu, fungua kichujio. Kikiwa cha kijivu kibadilishe, hakioshwi. Kichujio kikiwa safi na hewa bado dhaifu, kiwambo cha ndani kimechoka, mpelekee fundi wa vifaa vya hospitali.

Siku ya kwanza ya mashine mpya, tia salaini mililita 3 na uhesabu dakika hadi ikorome. Iandike tarehe na dakika hizo kwa kalamu isiyofutika chini ya boksi. Kila mwezi rudia. Ilikuwa dakika 8 na sasa ni 15? Umeshajua kabla ya usiku wa shida.

Niisafishe vipi, na hali yetu hii ya unyevu?

Unyevu wa Pwani ndio adui mkubwa wa nebulaiza, kuliko vumbi. Kikombe kilichooshwa kikafungwa kikiwa na maji ndani, mwezi wa Mei mvua ikiwa haikatiki, huota bakteria na ukungu wa kuvu, na kesho mgonjwa anavivuta moja kwa moja mapafuni.

Kila baada ya kutumia: fungua kikombe vipande vyote, suuza kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, kung'uta, panga juu ya taulo safi au karatasi, feni ipige. Vikikauka kabisa viingie kwenye kopo lenye kifuniko. Mara moja kwa siku osha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo. Kisha, kama kitabu cha mashine kinaruhusu, chemsha kikombe na kipande cha mdomoni kwa dakika 5 kuanzia maji yanapochemka. Barakoa laini nyingi hazichemshwi. Siki ni ya kuondoa magadi. Haitegemewi kuua vijidudu.

Mpira hauoshwi ndani, kwa sababu haukauki. Ukiona matone ndani yake, chomoa kikombe na uiache mashine ipulize hewa kavu kwa dakika 2 au 3. Ukiona madoa meusi, tupa.

Wavu usiguswe. Si kwa pamba, si kwa mswaki, si kwa kidole. Tia maji safi yaliyosafishwa kwa mvuke, washa dakika 1 au 2 yapenye, mwaga, acha ukauke.

Kikombe cha kudumu kibadilishwe kila baada ya miezi 6 hivi. Vile vyepesi vinavyokuja kwenye mfuko wa plastiki vimetengenezwa kutumika muda mfupi, wala havichemshiki; moto huvikunja. Na boksi la kompresa lisikae bafuni wala dirishani linapopigwa na upepo wa bahari, chumvi hula viungio vya umeme. Lifunike kwa kitambaa, mende hupenda joto la mota.

Ndugu yangu ataniletea mashine kutoka ng'ambo. Itafanya kazi?

Stima yetu ni volti 240 na hezi 50, plagi ya miguu mitatu. Mashine ya Dubai kwa kawaida huingia bila shida. Ya Marekani imetengenezewa volti 120 na hezi 60, ukiichomeka moja kwa moja itaungua. Transfoma inapunguza volti, lakini hezi zinabaki 50, na kompresa nyingi za aina hiyo huzunguka polepole na kutoa hewa pungufu. Mwambie ndugu asome kibandiko: kiandikwe 220–240 V na 50 Hz. Mashine ya wavu inayochajiwa kwa kebo ya simu haina tatizo hili.

Stima ikipotea usiku?

Inhela na spesa ziwe kando ya kitanda, hata kwa mwenye mashine mbili. Baada ya hapo ndipo ufikirie mashine ya wavu yenye betri, au kompresa ya volti 12 ya kuchomeka garini. Anayetaka inveta asome wati za kompresa yake, nyingi ni kati ya 100 na 180, kisha achukue inveta ya angalau mara mbili ya hizo, kwa kuwa mota huvuta umeme mwingi inapoanza. Stima inaporudi huja na kishindo: chomoa plagi mara tu inapokatika.

Nina oksijeni nyumbani. Niitumie kuendesha nebulaiza?

Kama una COPD, usifanye hivyo bila maelekezo ya daktari. Lita 6 hadi 8 za oksijeni kwa dakika ni nyingi mno kwa mgonjwa ambaye mwili wake hulimbikiza hewa chafu ya kaboni, na huweza kumletea usingizi mzito usio wa kawaida. Endesha nebulaiza kwa kompresa, na oksijeni yako iendelee puani kwa kiwango chako kilekile. Lengo la wengi wenye COPD ni oksijeni ya damu ya asilimia 88 hadi 92 kwenye kipimo cha kidole. Wenye shambulio la pumu hospitalini ni tofauti, wao huendeshewa kwa oksijeni makusudi.

Ramadhani nifanyeje?

Dawa za kinga za mara mbili kwa siku hupangwa vizuri: wakati wa kufuturu na wakati wa daku. Kuhusu nebulaiza mchana, wanazuoni wametofautiana. Wengi wa wanaosema inhela haibatilishi saumu huiona nebulaiza tofauti kwa sababu hupeleka maji ya dawa mengi. Muulize sheikh wako kabla ya mwezi kuandama. Upande wa tiba hauna utata: kifua kikibana, vuta dawa wakati huohuo. Mgonjwa ana ruhusa ya kula na kulipa siku nyingine.

Jirani anaomba mashine yetu. Nimpe?

Kompresa mpe. Kikombe, barakoa na mpira awe na vyake, bila ubaguzi hata kwa mtoto wa kaka yako. Na mtu mwenye kikohozi cha wiki 2 au zaidi, homa za jioni na kupungua uzito akapimwe TB kwanza. Nebulaiza humkohoza, na kikohozi cha TB ndani ya chumba kilichofungwa huambukiza nyumba nzima. Kipimo na dawa za TB ni bure kwenye vituo vya serikali.

Je, udi na ubani vina shida?

Kwa kifua chenye pumu au COPD, moshi ni moshi, uwe wa udi, wa makaa, wa dawa ya mbu au wa sigara. Fukiza nguo kwenye chumba ambacho mgonjwa halali, madirisha wazi, na asiingie mpaka harufu ipungue. Jiko la makaa litoke nje. Hakuna nebulaiza inayoshindana na chetezo kilicho chini ya kitanda.

Ni wakati gani niiache mashine nikimbilie hospitali?

Hawezi kumaliza sentensi kwa pumzi moja. Midomo au kucha zimekuwa za buluu. Ngozi ya katikati ya mbavu inaingia ndani kila akivuta. Mtoto hanyonyi. Kipimo cha kidole kiko chini ya 92 kwa mwenye pumu, au chini ya kiwango chake cha kila siku kwa mwenye COPD. Amesinzia, au kifua kilichokuwa kinapiga filimbi kimenyamaza ghafla huku bado anahangaika. Kimya hicho ni kibaya kuliko filimbi. Au dawa ya kufungua haimalizi saa 3 au 4 kabla ya kubana tena.

Usingoje dozi imalizike ndipo utafute gari. Mmoja awashe mashine, mwingine apige simu. Njiani endelea na inhela kwa spesa, kupuliza 4 hadi 10, moja moja, kila baada ya dakika 20 kwa saa ya kwanza.

Walio Likoni na Mtongwe wahesabu na feri. Foleni ya jioni inaweza kula muda ambao mgonjwa hana, kwa hiyo tokeni mapema kuliko anayekaa kisiwani, Tononoka au Makadara, na mkifika kivukoni mwambieni mhudumu papo hapo kwamba mna mgonjwa wa kifua. Kabla ya yote, ulizeni leo, kukiwa shwari, kituo gani cha upande wenu kina oksijeni usiku. Mkononi muwe na inhela, spesa, kadi ya kliniki, na karatasi yenye majina ya dawa, vipimo vyake na saa ya dozi ya mwisho. Kompresa ibaki nyumbani, hospitali wana yao. Kikombe na barakoa yake mchukue.